Kimya cha Chiriku

Rafu ya juu kabisa ilikuwa na pengo, na watu wote waliokuwa chumbani walikuwa wakitazama sakafu.

Inspekta ndiye aliyeitazama rafu. Alisimama katikati ya ghala la kumbukumbu la Kampuni, chumba kisicho na dirisha hata moja, baridi kama jokofu la bucha, akaangalia vumbi. Palipokaa vitu viwili palibaki alama mbili za mstatili, safi, kila moja ukubwa wa kitabu kidogo. Kulia na kushoto diski nyingine zilipangwa ndani ya visanduku vyake na hakuna hata moja iliyoguswa.

"Mlango?" aliuliza.

"Mzima, afande," Koplo alijibu. "Kufuli halina hata mkwaruzo. Mtu ameingia na ufunguo, akachukua chake, akafunga, akazima na taa. Mwizi huyu alilelewa vizuri."

"Alama za vidole?"

"Mtaalamu anasema glovu za mpira. Zile za watu wa usafi."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wamsogelee ili wamsikie. Wengi walipogundua wamesogea kupita kiasi, walikuwa wameshasema mengi.

"Wewe ndiye mtunza ghala?"

Bwana mnene aliyekuwa akitokwa jasho katika ile baridi aliitikia kwa kichwa.

"Kimeibwa nini?"

"Diski mbili."

"Zina nini?"

"Moja ni ya Chiriku." Bwana yule alijifuta jasho. "Sauti yake. Kila neno alilowahi kutamka mbele ya maikrofoni za Kampuni."

Katika mji ule hakukuwa na mtu wa kuuliza Chiriku ni nani. Aliingia studio akiwa msichana mdogo asiyejua kufunga mdomo, mafundi wakampa jina hilo kabla hata hajaigiza chochote. Kisha akaigiza Binti Radi, na watu wakapanga foleni kwenye kumbi za sinema hadi barabarani. Mwaka uliopita ugonjwa wa damu ulimchukua haraka, mji ukalia kama umefiwa na mtoto mmoja wa nyumba moja. Na mwaka huu, bila mtu kutegemea, mabango yalipanda kila pembe. Sura yake ileile, tabasamu lilelile, na chini yake neno moja tu: ANARUDI.

"Na diski ya pili?" Inspekta aliuliza.

"Ya pili ni takataka, afande. Kimya."

"Kimya gani?"

"Kimya tu. Watu wamesimama, hawasemi kitu. Mafundi wa sauti huchukua kila wanapomaliza kupiga picha. Hata ingefutwa leo, hakuna ambaye angeuliza."

Inspekta aliziangalia tena zile alama mbili kwenye vumbi. Mwizi alikuwa na nafasi ya kubeba nusu ya chumba. Amechukua kitu ambacho Kampuni ingekifia, na pamoja nacho amechukua kitu ambacho Kampuni ingekitupa.

"Nakala ziko wapi?"

Mtunza ghala alikaribia kulia. "Hakuna nakala. Filamu moja iliwahi kuvuja, ikauzwa barabarani kabla ya uzinduzi. Mkurugenzi akaamuru kila kitu kikusanywe. Diski moja, chumba kimoja, ufunguo mmoja, mtandao marufuku."

"Mmejifungia wenyewe mkampa mwizi njia," Koplo alisema.

"Ufunguo anao nani?"

"Mlinzi. Babu wa Geti."

*

Babu wa Geti alikuwa ameshatiwa mbaroni kabla Inspekta hajafika. Mkuu wa kituo alipigiwa simu na Kampuni, na Kampuni ikipiga simu katika mji ule, mtu huvaa kofia yake kwanza ndipo apokee.

"Nataka kesi hii iishe," Mkurugenzi alisema. Ofisi yake ilijaa tuzo za vioo na picha za watu wanaocheka. Yeye mwenyewe hakuwa akicheka. Macho yake yalikuwa mekundu na suti yake ghali ilikuwa imekunjamana mgongoni. Kando yake alikaa wakili wa Kampuni, mwanamama nadhifu mwenye miwani ya dhahabu.

"Hiyo sauti mnaifanyia nini?" Inspekta aliuliza. "Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Tunailisha mashine. Mashine inasikiliza, inajifunza. Baadaye tunaiandikia maneno, nayo inayasema kwa sauti ya Chiriku. Sura tumeshaitengeneza. Tulikuwa tumefika nusu ya kazi."

"Maneno ambayo hakuyasema."

"Ambayo angeyasema," wakili alidakia. "Mkataba unaruhusu. Sura na sauti, filamu zote za Binti Radi, bila kikomo."

"Hata akifa?"

"Bila kikomo ni bila kikomo, Inspekta."

Mkurugenzi alijifuta uso. "Usiniangalie hivyo, mama. Jeneza lake nililibeba kwa bega hili. Lakini nisikilize. Zamani mtu alitengeneza filamu, watu wakaitazama, wakaenda zao nyumbani wakabishana. Siku hizi mtazamaji hataki kujuana na mtu mpya. Anataka yule aliyempenda arudi. Sisi wakubwa ndio tuliomzoesha, sikatai. Tulimpa sehemu ya pili, akataka ya tatu. Kumbi zote za mji huu ni zetu, zinaonyesha vyetu. Wale watengenezaji wadogo wenye hadithi zao wamefunga milango, na wengine wamo humu humu ndani, wananipakia rangi maboma ya kupigia picha. Sasa nikisema Chiriku harudi, nani atawalisha? Mafundi seremala, washonaji, madereva? Kuna filamu nyingine hapa? Hakuna. Tumeziua zote."

Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti ndogo, kama mtu aliyejikwaa kwenye kiatu chake mwenyewe.

Inspekta alimkumbuka binti yake. Asubuhi ile, mlangoni pa bafu, mtoto alimuuliza, "Mama, Chiriku anarudi, utanipeleka?" Naye akajibu ndiyo, mdomo umejaa dawa ya meno.

"Wazazi wake wanasemaje?"

"Wazazi waacheni," Mkurugenzi alisema haraka. "Baba yake ni mtu wetu. Ndiye fundi wetu mkuu wa sauti, Fundi Sikio. Tangu msiba yuko likizo, hajielewi. Na mama yake..." Alitikisa kichwa. "Waacheni."

*

Mahabusu, Babu wa Geti alikaa kwenye benchi akikohoa. Kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Babu, ufunguo unauweka wapi?"

"Kwenye msumari, mwanangu. Kibandani."

"Ukienda kunywa chai?"

"Hapo hapo kwenye msumari. Miaka yote. Mle ndani sisi ni ndugu."

"Siku ile ulipokwenda kunywa chai, nani alipita?"

Mzee alitazama vidole vyake vya miguu. "Sikuona mtu."

"Hukuona, au hukutaka kuona?"

"Mwanangu, mimi nimezeeka. Sina mtoto wa kusomesha, sina mke wa kunisubiri. Niacheni hapa hapa. Benchi si baya."

Inspekta alikuwa amekutana na waongo wa kila namna, na huyu alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa uongo. Mzee alikuwa akimfunika mtu. Na huyo mtu, yeyote awaye, hakujua kwamba anafunikwa, la sivyo asingekubali kifua kama kile kilale kwenye saruji.

Nje ya mahabusu mkuu wa kituo alimsubiri. "Kesho asubuhi mzee anapanda kizimbani."

"Si yeye, mkuu."

"Basi niletee aliye yeye. Leo. La sivyo, huyu anatosha."

*

Kamera ya usalama ilikuwa kwenye ukumbi mrefu unaopita mbele ya Studio ya Pili hadi mlango wa nyuma. Koplo aliiwasha, wakakaa bega kwa bega.

Mtu mmoja alitokea, amevaa ovaroli la wafanya usafi, kofia imeshuka hadi nyusi, barakoa usoni. Ana ndoo mkononi. Alitembea bila haraka. Mlango wa nyuma ulikuwa mbele yake, wazi, jua likiingia.

Ndipo taa nyekundu ikawaka juu ya mlango wa Studio ya Pili.

Mtu yule akasimama.

"Anafanya nini huyu?" Koplo alishangaa. "Mlango ule pale!"

Tarishi wa ofisi alipita pembeni yake na mafaili, hakuitazama taa. Kijana wa kompyuta alipita akiongea na simu. Mwizi pekee alibaki amesimama wima, ndoo imening'inia hewani, hakuiweka chini hata kidogo. Kisha mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu, kiganja wazi, ukashuka. Na baada ya mkono kushuka, taa nyekundu ikazimika. Mtu yule akaendelea na safari yake, akatokomea kwenye jua.

"Rudisha," Inspekta alisema.

Wakatazama tena.

"Rudisha tena. Angalia mkono na taa. Kipi kinatangulia?"

"Mkono, afande." Koplo alikuna kichwa. "Mkono unashuka kwanza. Taa inafuata. Amejuaje kama taa inazimika?"

"Twende Studio ya Pili."

Ndani walikuta sebule ya uongo: makochi, mapazia, dirisha linalotazama ubao. Waigizaji wawili walikuwa wakigombana. Mwongozaji akasema imetosha. Badala ya watu kutawanyika, mwanamke kijana mwenye hedifoni shingoni alisimama na kupaza sauti.

"Tunachukua kimya!"

Kila mtu aliganda. Fundi wa rangi aliganda na brashi yake, mwigizaji mmoja akaganda akiwa ameinama kwenye kamba ya kiatu. Hata Koplo, bila kuagizwa, alibana pumzi. Muda ulipita ukawa mrefu. Fundi yule akaangalia saa yake, akanyanyua kiganja cha kushoto, akakishusha taratibu.

"Asanteni."

Watu wakapumua, kelele zikarudi.

"Hicho kimya mnakichukulia nini?" Inspekta alimuuliza.

"Kila chumba kina kimya chake, afande. Feni, waya, pumzi za watu. Tukija kukata maneno na kuyaunga, tunaziba mapengo kwa kimya cha chumba kilekile. Usipoziba, mtazamaji anasikia shimo."

"Na mkono?"

"Ndiyo ishara kwamba nimemaliza, ndipo taa nyekundu ya mlangoni inazimwa. Nikisema kwa mdomo mapema naharibu."

"Nani alikufundisha?"

"Fundi Sikio. Sote hapa tumepita mikononi mwake." Fundi yule alitabasamu kidogo. "Ila mimi lazima niangalie saa. Yeye hakuhitaji saa. Alikuwa akifumba macho, anasikiliza, na mkono unapanda wenyewe. Hakukosea hata mara moja."

"Siku ya wizi, kimya cha studio hii ulikichukua wewe?"

"Mimi. Wa pili angekuwa yeye, lakini yuko..." Akakatiza. Akamtazama Inspekta, kisha Koplo, kisha mlango. Machozi yakamjaa kabla hajamaliza kuelewa.

"Nisamehe, mdogo wangu," Inspekta alisema, na alikuwa anamaanisha.

*

Nyumba ya Fundi Sikio ilikuwa ndogo na imepigwa deki. Ng'ambo ya barabara, sawasawa na dirisha la jikoni, lilisimama bango. Sura ya Chiriku ilijaa dirisha lote. ANARUDI.

Aliyefungua mlango alikuwa mama mwenye khanga mabegani na nywele zilizochanwa vizuri. Uso wake ulikunjuka, ukatazama nyuma yao, ukakunjamana.

"Nilidhani ni yeye," alisema. "Karibuni, wanangu. Mmefika wakati wa chakula."

Mezani palikuwa na sahani tatu. Koplo alivuta kiti.

"Hapo pana mtu," mama alisema kwa upole. "Kaa pale. Hicho ni cha mtoto, yuko njiani. Alisema mwenyewe."

Koplo alisimama kama aliyeungua. Inspekta alimshika mama mkono, akauona umekonda. "Baba yupo?"

"Yuko chumba cha nyuma na mashine zake. Mwambieni chakula kinapoa."

Chumba cha nyuma kilibandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini, ili sauti isitoroke. Mzee mrefu aliyeinama mgongo alikaa mbele ya meza. Juu ya meza palikuwa na kinasa sauti, hedifoni na diski mbili. Hakufanya hata jitihada ya kuzifunika.

"Fundi Sikio?"

"Ndiyo mimi."

"Unajua kilichotuleta?"

"Nimesikia viatu vya polisi tangu mkiwa barabarani, mama. Vina kisigino kizito."

"Ulisimama mbele ya taa nyekundu," Inspekta alisema. "Mlango uko wazi, mali mkononi, ukasimama. Ukanyanyua mkono."

Mzee alikitazama kiganja chake cha kushoto. Kisha akacheka, kicheko kikavu kisichofika popote.

"Sikumbuki," alisema. "Haki ya Mungu sikumbuki. Nilikuwa nikifikiria kukimbia tu."

"Aliyekamatwa ni Babu wa Geti. Kesho anapanda kizimbani."

Kicheko kikakatika. Mzee alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Babu? Yule kifua chake kibovu! Kwa nini hamkuniambia mapema? Mtoeni! Ni mimi. Nilichukua ufunguo msumarini akiwa kwenye chai, nikavaa nguo za usafi, nikachukua diski, nikarudisha ufunguo. Peke yangu. Andika, kijana, andika! Babu hajui kitu."

"Babu anajua," Inspekta alisema. "Alikuona, akanyamaza."

Mzee aliinamisha uso kwenye mikono yake. Mabega yalitikisika bila sauti. Inspekta alikiinua kiti, akamkalisha, naye akachuchumaa mbele yake.

"Kwa nini, baba?"

"Waliniita ofisini kwa heshima zote. Wakanipa chai. Wakaniambia, Fundi, wewe unazijua rekodi zake kuliko mtu yeyote, tusaidie kuchagua zilizo safi. Mimi! Nikae nimchambue mwanangu neno kwa neno, niwape waipe mashine. Nikasema siwezi. Wakasema si neno, mkataba unaruhusu, watafanya wengine." Alifuta macho kwa mkono wa shati. "Mkataba naujua. Nilikaa kando yake akisaini. Alikuwa anatetemeka kwa furaha. 'Baba, wameandika bila kikomo!' Alidhani wanamsifu."

"Kwa hiyo ukaiba ili kuwazuia."

"Hapana. Ningevumilia. Mimi ni mtu wa kazi hii, najua filamu ni kukata na kuunga. Ningefunga masikio yangu nikae nyumbani." Alinyoosha kidole kuelekea jikoni. "Ila wakaonyesha kionjo cha filamu kwenye televisheni. Hamkukiona? Sura yake, halafu sauti: 'Mama, nimerudi. Nifungulie mlango.'"

Koplo aliacha kuandika.

"Mama yake akaenda akafungua mlango," mzee alisema. "Akasimama pale. Nikamwambia ingia ndani, upepo. Akasema, kama hujamsikia wewe ni kiziwi. Mimi, kiziwi! Alisimama hadi giza likaingia. Kesho yake akaandaa sahani ya tatu. Na lile bango liko dirishani, akiosha vyombo anaongea nalo. Alishaanza kukubali, mama. Alishaanza kulia vizuri, kama watu wanavyolia. Wamemnyang'anya msiba wake. Na wangetoa filamu nyingine, na nyingine, na kila mara mwanangu anabisha hodi. Nikasema hapana. Bora nife jela, lakini huyu mtoto apumzike na mama yake apumzike."

"Lakini hukuifuta."

"Nilikusudia kuifuta siku ileile. Nikaweka kidole kwenye kitufe. Jana tena. Leo tena." Alikikunja kidole kile. "Nimemzika mara moja. Mara ya pili nimeshindwa."

Jikoni vijiko viligongana na sahani. Mama alikuwa akiimba kitu kisicho na maneno.

"Na kimya?" Inspekta aliuliza polepole. "Kile cha takataka. Umekichukulia nini?"

Mzee alichukua hedifoni, akamvalisha kwa mikono iliyozoea kuvalisha watu, akabonyeza.

Mwanzoni Inspekta hakusikia kitu. Kisha akatambua kwamba kimya kile hakikuwa kitupu: feni ya mbali, kiatu kinachobadilisha uzito, hewa ya chumba kikubwa chenye watu wanaojizuia. Na karibu kabisa na maikrofoni, pumzi nyepesi. Ikaja, ikaenda, ikaja. Halafu pumzi ikakwama puani, ikabanwa, ikatetemeka, ikaponyoka kidogo. Mtu alikuwa anakufa kwa kicheko na anajikaza asicheke.

"Hakuweza kusimama kimya hata siku moja," mzee alisema. "Kila kimya amekiharibu. Nilikuwa namkaripia mbele ya watu wote. Nikarekodi upya, akaharibu tena. Vile vicheko alivyobana ndivyo nilivyobaki navyo. Mashine haiwezi kuvitengeneza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuvihesabu kuwa kitu."

Inspekta alivua hedifoni. Alijaribu kuvaa uso wa kazi, ukakataa kumkaa.

"Mama yake amevisikia?"

"Sikuthubutu. Niliogopa akisikia pumzi, ndiyo ataamini kabisa." Mzee alinyoosha mikono yake miwili. "Nifungeni pingu nje, tafadhali. Asione."

*

Kituoni, Babu wa Geti alikuwa akitoka Fundi Sikio alipokuwa akiingia. Walisimama mlangoni.

"Ungeniomba tu huo ufunguo," Babu alisema. "Ningekupa."

"Ndiyo maana sikuomba," Fundi Sikio alijibu.

Wakashikana mikono, askari wa zamu akajifanya anatafuta kalamu.

Wakili wa Kampuni alifika na miwani yake ya dhahabu, mkuu wa kituo akiwa nyuma yake amevaa kofia. Inspekta aliziweka diski mbili mezani. Sheria ilikuwa wazi, naye alikuwa ameishi ndani ya sheria miaka mingi. Mali hurudi kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ni yule, hata kama mali ni ile.

"Hii ina maneno yote," alisema. "Hii nyingine ni kimya. Mnaidai?"

"Kimya?" Wakili alitabasamu. "Hicho cha nini? Tupe yenye maneno."

"Sema vizuri mbele ya mkuu wangu. Kampuni haidai kimya?"

"Haidai. Si mali, Inspekta, ni hewa. Itupeni."

"Koplo, umesikia?"

"Nimesikia, afande. Na nimeandika."

Wakili aliondoka na sauti ya Chiriku ndani ya mkoba. Filamu ingetoka. Foleni zingefika barabarani. Binti yake Inspekta angemshika mkono amkumbushe ahadi, na angelazimika kumpa jibu, na hakujua jibu lipi.

Kabla ya kuondoka alipita mahabusu, diski ya kimya mkononi.

"Mpelekee mama yake," Fundi Sikio alisema kutoka kwenye benchi. "Mimi niliogopa. Lakini sasa yuko peke yake na lile bango."

*

Mama alikuwa bado mezani. Sahani tatu, chakula kimepoa, hakuna aliyekula.

"Baba yake amechelewa," alisema. "Na mtoto naye."

Inspekta alikaa kwenye kiti kilichoruhusiwa. Aliweka mezani kile kinasa sauti, diski ya kimya ikiwa ndani yake, akamvalisha hedifoni taratibu, akabonyeza kitufe kama alivyoona mzee akifanya.

Mama alisikiliza. Paji la uso likajikunja. Kisha midomo ikaanza kucheza, na Inspekta akajua kicheko kimefika.

"Anabana kicheko," mama alisema. "Huyo! Hata kanisani, hata msibani, anabana hivyo hivyo." Akasikiliza tena, macho yakamwagika bila yeye kuyagusa. "Huyu ndiye wangu. Yule wa kwenye televisheni anaongea vizuri mno. Wangu hakuwahi kumaliza sentensi."

"Ndiyo, mama."

"Huyu hasemi kitu."

"Hasemi, mama."

Mama alitazama dirishani, kwenye ile sura kubwa iliyojaa kioo. Akaitazama kama mtu anayemkagua mgeni aliyekosea nyumba.

"Amekwenda, eh?"

Inspekta alitaka kusema kitu kingine chochote. "Amekwenda, mama."

Kilio kilichotoka hapo hakikuwa na adabu wala mpangilio. Inspekta alimshikilia mabegani hadi kikapungua, naye akalia, afande mzima, kola ya sare imelowa. Hatimaye mama akainuka. Alichukua sahani ya tatu, akaifuta kwa khanga ingawa ilikuwa safi, akaiweka kabatini, akafunga kabati.

Kisha akarudi mezani, akashika sahani ya pili. Akasimama nayo, akimwangalia Inspekta usoni.

"Na hii ya baba yake? Niitoe?"

"Iache, mama," Inspekta alisema. "Huyo anarudi."

Mama akairudisha sahani mahali pake, akaifunika na nyingine ili vumbi lisiingie.